Namba ya poti isikulie nauli ya fundi

Mwenye duka la pembejeo Katesh, mkuu wa shule Dongobesh na katibu wa chama cha wakulima wa vitunguu saumu kule Mbulu wana shida moja inayofanana. Programu ya ofisi imewekwa kwenye kompyuta moja, wengine wanaifungua kwa simu kupitia Wi-Fi, na mwishoni mwa anwani kuna nukta mbili na tarakimu kadhaa, mara nyingi 8080. Tarakimu hizo ndizo poti ya seva. Zikibadilika na programu yenyewe isijue, anwani iliyobandikwa ukutani haifunguki, linki iliyotumwa kwa SMS inagoma, na fundi anapigiwa simu. Kama fundi huyo yuko Arusha, hesabu nauli mpaka Babati, nauli ya kutoka Babati, chakula na pengine gesti, yote hayo kwa ajili ya namba moja.

Ndiyo maana kabla ya kulipa hata malipo ya awali ni vizuri kumuuliza aliyeitengeneza: programu yako inaijuaje poti ambayo seva inatumia? Majibu utakayopata yanatofautiana sana kwa gharama, ingawa siku ya kununua yote yanaonekana sawa.

Jibu baya kuliko yote ni kwamba namba imeandikwa ndani ya msimbo. Haikugharimu kitu mpaka siku programu nyingine itakapoichukua poti hiyo, na 8080 inagombaniwa kweli: Tomcat, seva ya programu za Java, huanza nayo, na Kolibri, ile programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, nayo huanza na hiyo hiyo. Ukiziweka zote mbili kwenye mashine moja bila kubadili kitu, itakayochelewa kuwaka itakosa nafasi. Hapo fundi wa mjini hakusaidii, kwa sababu anayehitajika ni mwenye msimbo, na bei anapanga yeye. Mimi nisingeinunua hata kwa punguzo.

Afadhali namba ikae kwenye faili la mipangilio au kigezo cha mazingira, programu iisome inapowashwa. Mwalimu wa TEHAMA anaweza kuibadilisha huku akielekezwa kwa simu, na gharama ikaishia kwenye dakika za maongezi. Kwa baadhi ya seva za kukodi hiyo si hiari. Heroku, kwa mfano, huchagua poti yenyewe na kuiandika kwenye kigezo kinachoitwa PORT. Programu ya wavuti isiyokisoma itashindwa kuwaka. (Daraja la bure la Heroku lilifutwa Novemba 28, 2022, na ngazi za chini zikaanzia dola 5 na 7 kwa mwezi. Anayekuahidi seva ya bure huko anakumbuka zamani.) Kasoro ya njia hii ni kwamba mipangilio inasema poti iliyoombwa, si lazima iwe iliyopatikana. Ukiandika 0, mfumo wa kompyuta utatoa poti yoyote iliyo wazi, na faili litaendelea kusema 0.

Anayetaka ukweli wenyewe aiulize seva. Kwenye seva ya Node ni kuita server.address() seva ikishaanza kusikiliza. Kwenye Tomcat, mtengenezaji anaweza kupitia orodha ya viunganishi kwa JMX, njia ya Java ya kuchungulia programu ikiwa kazini. Kazi hiyo unailipia mara moja, nayo si kubwa. Tatizo ni kwamba imefungwa na aina ya seva: ukihama Tomcat kwenda Jetty, kipande hicho kitaandikwa upya. Lakini kwa programu inayotakiwa kuonyesha anwani yake kwenye skrini ili watu ofisini waiandike kwenye simu zao, hii ndiyo njia ya kulipia.

Wengine husubiri mtu afungue ukurasa ndipo waisome poti kwenye ombi lake. Ni bure, na hapa ndipo vyama vya wakulima hupoteza hela. Tuseme chama kina wanachama 200 na kila jioni programu inawatumia SMS yenye linki ya stakabadhi ya mzigo. Saa hiyo hakuna aliyefungua ukurasa, kwa hiyo hakuna ombi la kusoma. Na hata likiwepo, Java ina majibu mawili: getServerPort hufuata anwani iliyoandikwa kwenye ombi, getLocalPort hutaja poti iliyopokea ombi pale kwenye seva. Kama mbele kuna Nginx, seva inayopokea maombi na kuyapitisha kwa programu, na haikuagizwa kupitisha anwani aliyoiandika mgeni, yote mawili yanaweza kukuambia 8080, wakati wanachama wanaingia kwa 80. Jumbe 200 zimelipiwa, linki 200 hazifunguki. Tena ujumbe ukizidi herufi 160 unahesabiwa kuwa zaidi ya mmoja.

Kwa linki zinazotumwa kwa watu, basi, ningesema programu isikisie poti kabisa. Weka Nginx, ambayo ni bure, isikilize kwenye 80 (kwenye Linux poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida huhitaji ruhusa ya msimamizi), kisha anwani kamili ya nje iandikwe kwenye mipangilio. Kivinjari hakidai namba kwa 80 wala kwa 443, hivyo na SMS inafupika.

Mwanachama akiwa Basotu, hata hivyo, poti haitamfikisha kwenye kompyuta ya ofisini inayotumia modemu ya laini ya simu. Mitandao ya simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya nje ya kuchangia, na mlango wa kuingilia huna. Utachagua kati ya seva ndogo ya kukodi, ambayo kwa DigitalOcean huanzia dola 4 kwa mwezi, na njia ya Cloudflare Tunnel isiyo na ada, ila itakudai jina la tovuti na bando lisilokatika. Chama kinachotunza hesabu za watu kikodi seva. Baada ya matope ya Mlima Hanang kuingia Katesh Desemba 3, 2023, sioni sababu ya kuweka nakala pekee ya daftari la wanachama chini ya meza.

Mkuu wa shule hahitaji gharama hizo. Kolibri ni bure, poti yake hubadilishwa kwa kigezo cha KOLIBRI_HTTP_PORT, na amri ya kolibri status huonyesha anwani inayotumika wakati huo. Hela yake aipeleke kwenye ruta nzuri na betri.