Soko Limefunguliwa, Choo Bado

Kwenye michoro, soko la halmashauri huwa kamili. Kuna vizimba vya mboga, mabucha yenye vigae, meza za samaki zenye mteremko wa kupitisha maji, vyoo, ghuba la taka na chumba cha bwana afya. Chumba hicho kina maana yake. Sheria ya Afya ya Jamii ya Tanzania ya mwaka 2009 inampa ofisa afya mamlaka ya kukagua na kuamuru kero iondolewe, naye huitegemea miundombinu ileile ili agizo lake litekelezeke.

Ujenzi huanza na vinavyoonekana: msingi, nguzo, paa. Hatua hizo mara nyingi huenda vizuri. Baadaye masika hujaza maji kwenye mitaro iliyochimbwa, malipo ya mkandarasi huchelewa, na Juni 30, mwaka wa fedha unapofungwa, kila mtu anataka kuona asilimia ya ujenzi imepanda. Paa hupandisha asilimia haraka. Bomba la chini ya ardhi halipandishi.

Kwa hiyo kinachobaki nyuma ni majitaka, maji na umeme. Utakuta choo kina sinki na koki, lakini bomba halijaunganishwa na mtandao, na mlango una kufuli. Mtaro wa meza za samaki unaishia ukutani. Muuza samaki analipa ushuru, halafu anamwaga maji ya magamba njiani kwa sababu hayana pengine pa kwenda. Bwana afya akimwandikia faini, atakuwa ametimiza sheria, lakini kesho maji yatamwagwa palepale. Hapo naona sheria imemfikia mtu kabla huduma haijamfikia.

Gharama nazo hazipandi kwa sababu moja. Bei ya saruji na nondo hubadilika. Udongo usipopimwa mapema, hasa ukanda wa pwani ambako maji ya ardhini yako karibu, shimo la choo lililosanifiwa ofisini hulazimika kusanifiwa upya. Mkandarasi anayesubiri malipo anaendelea kulipia mitambo na walinzi, na mkataba unaweza kumruhusu kudai riba. Si lazima pawe na mwizi ndipo mradi uzidi bajeti, ingawa usimamizi legelege huongeza pengo.

Tarehe ya kukamilika inafaa ipimwe kwa mtumiaji. Kabla ya makabidhiano, bwana afya na viongozi wa wafanyabiashara wapite wafungue kila koki, wamwage ndoo ya maji kwenye kila mtaro na kuona yanakotokea, kisha waulize nani atashika ufunguo wa choo na nani atalipa ankara ya maji. Lisilojibiwa liandikwe kama kazi ambayo haijaisha, na faini zisubiri hadi liishe.