Ucheleweshaji wa picha katika matangazo ya moja kwa moja

Ucheleweshaji wa picha katika matangazo ya moja kwa moja ya televisheni ni muda unaopita tangu picha ya kamera iingie kwenye mitambo ya studio hadi itoke ikiwa imeshachakatwa. Muda huo ni mfupi, mara nyingi sehemu ndogo tu ya sekunde, lakini unatosha kufanya midomo ya msemaji isiendane na sauti yake. Kwa kuwa hauwezi kuondolewa kabisa, mafundi huupima, huusawazisha katika njia zote za picha, kisha huichelewesha sauti kwa kiasi hichohicho.

Chanzo

Picha ya televisheni ni mfululizo wa picha tuli ziitwazo fremu. Katika nchi zinazotumia fremu 25 kwa sekunde, zikiwemo Kenya, Tanzania na nchi nyingi za Ulaya, kila fremu huchukua milisekunde 40. Nchini Marekani na Japani, ambako hutumika fremu 29.97 kwa sekunde, kila fremu huchukua takriban milisekunde 33.

Swicha ni mtambo ambao mwongozaji hutumia kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani. Kamera zote zikiwa zinafuata mapigo ya saa moja ya studio, kuhama kutoka kamera moja hadi nyingine hakuleti uchelewaji wa kutambulika. Madoido ya picha, kama vile kuipunguza na kuiweka pembeni, kuizungusha au kuigeuza, ni jambo tofauti. Mtambo hauwezi kuigeuza picha juu chini kabla mstari wake wa mwisho haujafika. Kwa hiyo huihifadhi fremu nzima katika kumbukumbu, kisha huisoma upya kwa mpangilio mwingine. Hapo fremu moja huwa imeshapotea.

Teknolojia ya kuhifadhi fremu kidijitali ilienea tangu miaka ya 1970. Kifaa cha DFS 3000 cha kampuni ya Quantel ya Uingereza kilitumika katika matangazo ya Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 kuonyesha picha ndogo ndani ya picha kubwa.

Uchelewaji hujumlishwa kila picha inapopita kifaa kingine. Tuseme picha kutoka nje ya studio imepoteza fremu 1 ili kuoanishwa na saa ya studio, fremu 1 kwenye madoido, na fremu 2 kwenye kompyuta inayoweka mandhari ya bandia. Jumla ni fremu 4, yaani milisekunde 160 katika mfumo wa fremu 25.

Athari

Athari inayojulikana zaidi ni sauti kuitangulia picha, kwa sababu kwa kawaida sauti huchakatwa kwa muda mfupi zaidi. Katika maisha ya kila siku mambo huwa kinyume: mwanga hufika kwanza, sauti hufuata. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo mtu aliye mita 14 kutoka kwa mwimbaji humsikia akiwa amechelewa kwa milisekunde 40 hivi bila kuona ajabu. Ndiyo sababu watazamaji huvumilia zaidi sauti iliyochelewa kuliko iliyotangulia. Pendekezo BT.1359 la Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) linaonyesha kuwa watazamaji huanza kutambua kasoro sauti inapotangulia kwa takriban milisekunde 45, au inapochelewa kwa takriban milisekunde 125.

Athari ya pili ni picha kuruka. Kwa mfano, mgeni anaonekana kwenye kisanduku kidogo, kisanduku kinapanuka hadi kujaza skrini, kisha mwongozaji anahamia picha ileile isiyopita kwenye madoido. Picha hiyo iko mbele kwa fremu moja, kwa hiyo mkono au kichwa kilichokuwa kikisogea huonekana kushtuka.

Njia za kukabiliana nayo

Picha haiwezi kuharakishwa. Kinachowezekana ni kuvifanya vingine viisubiri. Njia zinazotumika ni hizi:

- Kusawazisha njia zote: kila kamera hucheleweshwa kwa kiasi sawa na njia ndefu kuliko zote, hata wakati madoido hayatumiki. Picha hairuki, na sauti huhitaji ucheleweshaji mmoja usiobadilika.
- Sauti kuifuata picha: swicha huiarifu mitambo ya sauti kila madoido yanapowashwa, nayo huongeza ucheleweshaji. Mabadiliko ya ghafla yanaweza kusikika kama mkwaruzo au neno lililokatika, hivyo hufanywa polepole au wakati wa kimya.
- Kupunguza vituo: madoido kadhaa hufanywa ndani ya mtambo mmoja badala ya kupitisha picha katika vifaa vingi.

Sauti anayorudishiwa mtangazaji sikioni huchukuliwa kabla ya kucheleweshwa, maana mtu anayesikia sauti yake ikimrudia kwa kuchelewa hupata shida kuendelea kuzungumza. Skrini kubwa za ukumbini nazo hupewa picha iliyopita njia fupi iwezekanavyo, kwa kuwa hadhira iliyo karibu na jukwaa humsikia msanii papo hapo na sauti hiyo haiwezi kuzuiwa.

Upimaji

Kipimo rahisi ni kupiga makofi mbele ya kamera na kurekodi kinachotoka mwishoni mwa mitambo. Fundi hutafuta fremu ambayo viganja vinagusana, kisha huhesabu fremu zilizo kati yake na mlio. Kama mlio umetangulia kwa fremu 3 katika mfumo wa fremu 25, sauti huongezewa ucheleweshaji wa milisekunde 120. Jaribio hurudiwa kwa kila njia ya picha kabla ya kipindi kuanza, na tena kila kifaa kinapoongezwa au kuondolewa.