Mzee, Umechoka Sasa

Wengi wetu tuna ndugu waliokwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Wengine wako Kariakoo, katika maduka na maghala. Somo hili linawahusu wao, na sisi pia.

Tuchukue mfano. Mzee wa miaka 56 ametunza ghala la vitenge katika Mtaa wa Kongo kwa miaka 14. Asubuhi moja tajiri anamwambia, "Mzee, umechoka sasa. Nataka damu changa." Kesho yake kijana wa miaka 22 anakabidhiwa funguo za ghala. Je, mzee anyamaze?

Asinyamaze. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya umri. Lakini si kila mzee anayeachishwa kazi amebaguliwa. Kama amefikia umri wa kustaafu waliokubaliana, hilo ni jambo jingine.

Mzee apeleke malalamiko yake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu. Akichelewa, itambidi kwanza aeleze sababu nzuri ya kuchelewa. Tume itajaribu kuwapatanisha. Wasipopatana, mwamuzi atasikiliza ushahidi.

Mzee ataonyesha dalili za ubaguzi: maneno aliyoambiwa, siku aliyoambiwa, na umri wa aliyewekwa mahali pake. Akishazionyesha, mzigo unahamia kwa tajiri. Yeye ndiye atakayethibitisha kwamba umri haukuwa sababu. Akisema, "Mzee alipoteza mali," ataulizwa: Barua ya onyo iko wapi? Hesabu za ghala ziko wapi?

Mzee ana mashahidi wawili. Mama ntilie anasema, "Nilisimuliwa na wateja wangu." Kuli anasema, "Nilikuwa nashusha marobota mlangoni. Nilisikia kwa masikio yangu." Ushahidi wa kuli ndio wenye uzito. Mwamuzi hahesabu vichwa vya mashahidi. Shahidi mmoja mkweli anaweza kutosha.

Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa, ila kama iko sababu nzuri ya kutomwamini. Sababu ni kama hizi: maneno yake yanapingana yenyewe kwa yenyewe, au ana chuki na mtu anayemsema. Kwa hiyo usimfundishe shahidi maneno. Akiulizwa sana atajikanganya, na hata ukweli wako utatiliwa shaka. Kama hakumbuki tarehe, aseme hakumbuki.

Tarehe aikumbuke nani, basi? Daftari. Jioni ile ile mzee aandike maneno aliyoambiwa, siku, saa, na majina ya waliosikia. Atunze mkataba wake, barua zake na karatasi za mshahara.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Haki nayo ni mali. Wewe sasa unajua kuandika. Iandike.

Maswali

1. Aliyeachishwa kazi ana siku ngapi za kupeleka malalamiko?
2. Kwa nini ushahidi wa kuli una uzito kuliko wa mama ntilie?
3. Andika mambo manne ambayo mzee ataandika katika daftari lake.