Karakara: Kupandisha Mche kwenye Waya na Kupogoa Bila Kusambaza Ugonjwa

Wiki chache baada ya kupandwa, mche wa karakara hutoa machipukizi mengi, na mkulima hufurahi kuuona umefunga majani. Hapo ndipo hasara nyingi huanzia. Mche ulioachwa utambae hukawia kufika kwenye waya, na matawi yake hugusa udongo. Kuvu wa mnyauko hukaa humo udongoni. Mmea ulioshikwa hunyauka wote, na shina likipasuliwa huonekana kahawia ndani.

Ndiyo sababu wakulima wa karakara ya zambarau hushauriwa kununua miche iliyopandikizwa juu ya shina la karakara ya manjano, ambalo huvumilia ugonjwa huo. Lakini kinga iko kwenye shina la chini peke yake. Chipukizi linalotokea chini ya kiungo ni la manjano, na liondolewe mapema. Tawi la zambarau likilala chini laweza kuota mizizi yake lenyewe, na pesa zilizolipwa kwa mche uliopandikizwa zikawa za bure. Wakati wa kupalilia pia, udongo usirundikwe hadi ukafunika kiungo.

Nguzo ziwe za futi 8, futi 2 zikizama ardhini, na ziachane mita 6. Waya mmoja wa geji 14 hupita juu. Mistari huachana mita 2 na miche mita 3. Nguzo za mwisho ziwekewe tegemeo, maana mmea wenye matunda ni mzito, na mstari ulioanguka hauinuliwi bila kuvunja matawi. Kazi hii ni ya gharama. Mwenye pesa kidogo ni afadhali apunguze shamba kuliko kupunguza nguzo.

Mche uongozwe kwa kamba iliyofungwa kutoka kwenye waya hadi kwenye kigingi kando ya shina, wala si kwenye shina lenyewe, kwani kamba huja kulikata linaponenepa. Machipukizi mawili yenye nguvu huachwa yapande. Mengine ya pembeni hutolewa kwa vidole yangali laini. Yakifika juu, moja huelekezwa kushoto na jingine kulia kufuata waya. Kutoka hapo matawi madogo huning'inia kama pazia, na ndiyo yatakayozaa. Vikono vinavyoyashikanisha vikatwe ili hewa ipite, kwa sababu pazia zito hukaa na unyevu na kuleta madoa ya kahawia kwenye majani na matunda. Ncha zinazokaribia ardhi zikatwe.

Karakara huchanua kwenye matawi machanga. Tawi lililokwisha kuvunwa hupunguzwa hadi karibu na waya, yakiachwa macho machache ya kuchipua, wakati udongo una unyevu. Matawi makuu mawili hayaguswi. Wapo wanaokata mmea mpaka kisiki wakidhani utafufuka kama chai. Karakara haivumilii hivyo, na mingi hufa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kisu. Virusi vinavyofanya tunda kuwa dogo, gumu, lenye ganda nene na maji kidogo huenezwa na vidukari, na pia huhama na utomvu kwenye makasi ya kupogolea. Mfanyakazi mmoja anaweza kuvitembeza mstari mzima asubuhi moja. Makasi yachovywe kwenye Jik, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, kila anapotoka mche mmoja kwenda mwingine, kisha yaoshwe jioni yasishike kutu. Vibarua wanaozunguka mashamba ya watu na makasi yao wafuate utaratibu huo huo.

Ugonjwa huo hauna dawa. Mche wenye majani yenye mabaka na yaliyojikunja ung'olewe na kuchomwa, wala mstari huo usipogolewe kabla afisa wa kilimo wa wadi hajauona.