Adongo na NFL: Kwa nini kifua cha raga hakikutosha

KATIKA viwanja vya shule za Kisii na Nyamira, kijana mwenye mabega mapana na miguu myepesi huelekezwa mapema kwenye raga. Kisii School ni miongoni mwa shule zinazohofiwa Nyanza katika mchezo huo, na si ajabu kumsikia shabiki akisema kwamba fulani, kwa umbo alilojaliwa, anafaa kupelekwa Marekani akacheze ule mchezo wa helmeti unaolipa mamilioni.

Kauli hiyo si ndoto tupu. Yupo Mkenya aliyekwisha kuuvuka mto huo. Mnamo Desemba 8, 2013, Daniel Adongo aliingia uwanjani akiwa na jezi ya Indianapolis Colts dhidi ya Cincinnati Bengals, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika NFL, ligi kuu ya kandanda ya Kimarekani. Colts walipigwa 42-28, lakini nyumbani hakuna aliyeyajali matokeo. Miaka 2 baadaye, Desemba 2015, timu hiyo ilimwachilia. Mechi alizokuwa amecheza zilihesabika kwa vidole.

Ni rahisi kusema kwamba alishindwa. Atakayeichunguza kazi aliyopewa ataona kwamba jambo la kushangaza ni kule kufika kwenyewe.

Adongo alizaliwa Oktoba 1989 na kujijengea jina katika raga ya kulipwa ng'ambo. Alipitia Sharks nchini Afrika Kusini, akacheza New Zealand katika timu ya Counties Manukau, kisha akawa katika kikosi cha Southern Kings cha Port Elizabeth. Alikuwa na urefu unaokaribia mita 2 na uzito wa zaidi ya kilo 115, na kwa mtu wa kimo hicho alikuwa na mbio za ajabu. Colts walimsajili mwishoni mwa Julai 2013 akiwa na umri wa miaka 23. Hakuwa amecheza hata mechi moja ya kandanda ya Kimarekani maishani mwake.

Alipewa nafasi ya lainibeka wa pembeni. Katika mchezo huo, timu inayoshambulia hupewa majaribio 4 ya kusonga yadi 10, yaani zaidi kidogo ya mita 9. Ikishindwa, hupoteza mpira. Majitu ya mstari wa mbele hukabana ana kwa ana. Nyuma yao, upande wa ulinzi, husimama malainibeka. Mpira unapoanza kusogea, lainibeka huwa na muda usiozidi kufumba na kufumbua kuamua kama mpinzani atakimbia nao au ataurusha. Ukikimbizwa, sharti amwangushe mkimbiaji. Ukirushwa, mara amkimbilie mrushaji, yaani kwotabeka, mara arudi nyuma kumlinda mpokeaji. Akikosea, wenzake 10 wanaadhirika.

Mwanaraga anaweza kudhani kwamba yote hayo anayajua, kwa kuwa kumwangusha mtu ndiyo kazi yake ya kila Jumamosi. Kumbe mazoea yake yenyewe ndiyo yanayomponza. Katika raga mpira hautupwi mbele, na asiye na mpira haruhusiwi kuguswa, kwa hivyo jicho hufuata mpira tu. Katika kandanda ya Kimarekani mpira hurushwa mbele, na watu wasio na mpira hugongwa makusudi ili kufungua njia. Macho ya lainibeka husoma miguu ya mpinzani, mkao wa mabega yake na hila ya kujifanya anampa mwenzake mpira. Tena kila mchezo una jina lake katika kitabu cha mbinu kilicho kinene kama kamusi. Mmarekani huanza kukisoma akiwa shule ya upili, akakiendeleza chuoni. Adongo alikabidhiwa chake mazoezi yakiwa yamekwisha kuanza.

Mbele yake katika nafasi hiyo alikuwapo Robert Mathis, ambaye msimu huo wa 2013 aliongoza ligi nzima kwa kuwaangusha makwotabeka mara 19.5. Alikuwapo pia Bjoern Werner, Mjerumani aliyechaguliwa na Colts katika raundi ya kwanza mwaka huo huo. Werner alikuwa amekwenda Marekani angali mwanafunzi wa shule na kufunzwa mchezo huo hadi Chuo Kikuu cha Florida State. Hata yeye aliachwa na Colts mapema mwaka wa 2016.

Kwa hivyo msimu ulipoanza, Adongo aliwekwa katika kikosi cha mazoezi. Hicho ni chumba cha kungojea: mchezaji hushiriki mazoezi ya wiki nzima, lakini siku ya mechi huvaa nguo za kiraia. Wakati huo kila timu iliruhusiwa watu 8 wa namna hiyo, mbali na kikosi kamili cha wachezaji 53. Malipo ya chini kabisa ya kikosi cha mazoezi yalikuwa dola 6,000 kwa wiki. Mgeni katika kikosi kamili hakupungukiwa na dola 405,000 kwa msimu, sawa na takriban dola 23,800 kwa kila wiki ya mechi. Kupandishwa kwake Desemba hakukuwa heshima tupu.

Hapa ndipo wazazi wengi hukosea hesabu. Mkataba wa NFL unaotangazwa kuwa wa miaka 3 si ahadi ya mishahara ya miaka 3. Kwa wachezaji wa ngazi ya chini, timu inaweza kuuvunja na isidaiwe mishahara iliyosalia. Adongo, aliyetumiwa zaidi katika vikosi maalumu vinavyokimbizana na mpira unaopigwa kwa mguu, alihitaji jambo moja kuliko yote: kuwa uwanjani ili ajifunze. Majeraha yalimnyima hilo.

Yupo mwana mwingine wa Afrika Mashariki wa kulinganishwa naye. Mathias Kiwanuka ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka wa 1972 chini ya utawala wa Idi Amin. Mathias alizaliwa mwaka wa 1983, katika jiji lilo hilo la Indianapolis, akaujua mchezo tangu shuleni na kuendelea hadi chuo cha Boston College. New York Giants walimchagua katika raundi ya kwanza mwaka wa 2006, na mwaka uliofuata wakamhamisha kuwa lainibeka.

Naye hakuteremka kwa urahisi. Novemba 2006, dhidi ya Tennessee Titans, alimkamata kwotabeka Vince Young katika jaribio la mwisho, akamwachia akidhani mpira umekwisha kurushwa. Young alikimbia, na Titans wakashinda 24-21 baada ya kuwa nyuma 21-0. Mwaka uliofuata Kiwanuka alivunjika mguu. Lakini msingi alikuwa nao, na timu ilimvumilia. Februari 2012 Giants walishinda Super Bowl dhidi ya New England Patriots, fainali iliyochezwa papo hapo Indianapolis alikozaliwa. Alidumu na timu hiyo hadi 2015.

Tofauti hiyo inagusa jamii ya Abagusii moja kwa moja, kwa kuwa ina wana pande zote mbili. Maelfu ya watu wenye asili ya Kisii na Nyamira wanaishi Minnesota, hasa Brooklyn Park na viunga vingine vya Minneapolis. Mtoto anayekulia huko huukuta mchezo huu shuleni na hulelewa nao kama Kiwanuka. Binamu yake aliyebaki Kisii, hata kama amemzidi mwili na mbio, yuko mahali alipokuwa Adongo.

Mwaka wa 2017 jina la Adongo lilirejea katika vichwa vya habari kwa huzuni, baada ya video iliyosambaa mitandaoni kuzua wasiwasi juu ya hali yake. Wengi walikimbilia kuutaja ugonjwa wa ubongo wa CTE, unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Ugonjwa huo huthibitishwa kwa kuuchunguza ubongo baada ya kifo, kwa hivyo hakuna awezaye kuubaini kwa kutazama simu; mengine ni ya faragha ya familia. Hatari yenyewe ni kweli, na mwaka wa 2015 mahakama ya Marekani iliidhinisha maafikiano ya NFL kuwafidia wachezaji wastaafu walioathirika.

Adongo alikwenda kabla ya njia kutengenezwa. Mpango wa NFL wa kuwaandaa wachezaji wa kigeni ulianza mwaka wa 2017. Tangu 2024 kila moja ya timu 32 huruhusiwa kumweka mgeni wa aina hiyo bila kumpokonya Mmarekani nafasi. Aprili 2023 ligi hiyo ilileta kambi ya kusaka vipaji hadi Nairobi. Hata hivyo mlango ungali mwembamba: Louis Rees-Zammit, nyota wa raga wa Wales aliyeingia kwa njia hiyo mwaka wa 2024, alirudi kwenye raga mwaka wa 2025 bila kucheza mechi hata moja ya ligi.

Aliyefanikiwa zaidi ni Jordan Mailata wa Australia, mchezaji wa raga ya watu 13, aliyechaguliwa na Philadelphia Eagles mwaka wa 2018. Misimu 2 ya kwanza hakucheza mechi yoyote ya ligi, kwani naye alikuwa majeruhi. Eagles hawakumwachilia. Alianza kupangwa mwaka wa 2020, na Februari 2025 alikuwa kikosini walipoilaza Kansas City Chiefs 40-22 na kutwaa Super Bowl.