Madoa ya Chunusi: Dawa Ijaribiwe Mkononi Kabla ya Usoni

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii ya wazee yafaa kukumbukwa na kila mtu asimamaye mbele ya meza ya mchuuzi wa mafuta ya kupaka. Makopo yamepangwa yakang'aa. Juu yake pana picha ya uso usio na hata doa moja. Naye mchuuzi aapa kwamba siku 7 zatosha. Mnunuzi hutoa fedha, akaenda zake nyumbani, na usiku ule ule akajipaka uso mzima. Hapo ndipo kosa lianzapo.

Chukua mfano wa bibi mmoja, mke wa konstebo, akaaye na mumewe katika nyumba za polisi mjini Kampala. Chunusi zilimtoka kwa wingi alipokuwa mjamzito. Mtoto alipozaliwa zilipungua, lakini zikamwachia mashavuni madoa meusi. Jirani yake, kwa nia njema, akamletea kichupa kisicho na jina la mtengenezaji wala orodha ya vitu vilivyomo.

"Dada, paka jioni, asubuhi utajiona," jirani alimwambia.

Bahati njema, siku ya pili yake alikuwa akimpeleka mtoto kliniki kupimwa uzito, akakitia kichupa mkobani. Muuguzi alikigeuzageuza mkononi, kisha akauliza swali moja tu.

"Mama, mtoto hulala wapi?"

"Kifuani pangu, sista, uso wake shavuni pangu."

"Basi ujue kwamba utakachojipaka wewe, na yeye atakipata."

Maneno hayo machache ndiyo yaliyomwokoa. Nayo yanaifaa kila nyumba ambamo kopo la mafuta hukaa karibu na kitanda cha mtoto.

DOA SI UCHAFU, WALA SI KOVU

Kabla ya kutafuta dawa, yapasa kuujua ugonjwa. Ngozi ya binadamu ina vitundu vidogo ambamo vinyweleo huota, na kando ya kila kinyweleo pana tezi itoayo mafuta. Wakati wa balehe, na kwa wengine wakati wa mimba, mafuta hayo huzidi. Yakichanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu huziba, vijidudu huzaana, na mahali pale huvimba. Hiyo ndiyo chunusi. Haitokani na uchafu, wala haitibiki kwa kusugua uso kwa sabuni ya kufulia.

Uvimbe huo huzichochea chembe za ngozi zitengenezazo rangi, nazo hutoa rangi kupita kiasi. Chunusi ikisha kupona, rangi iliyozidi hubaki. Hilo ndilo doa. Watu wenye ngozi nyeusi huyaona zaidi madoa hayo kwa sababu chembe zao za rangi zina nguvu, na nguvu hiyo si kasoro, maana ndiyo ngao yao dhidi ya jua kali.

Doa ni tambarare. Ukipitisha kidole juu yake husikii shimo wala kinundu. Penye shimo au kinundu pana kovu, na kovu halitoki kwa mafuta ya kupaka. Doa la rangi ya kahawia aghalabu liko juu juu, nalo hufifia kwa miezi kadhaa hata bila dawa. Doa lenye rangi ya kijivu au ya samawati limezama chini zaidi, na huweza kukaa miaka.

Jambo hili la madoa kufifia yenyewe ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Mafuta mengi yamepata sifa kwa kazi iliyofanywa na siku. Ndiyo sababu dawa haina budi kujaribiwa kwa utaratibu.

NAMNA YA KUJARIBU

Kwanza, soma kibandiko. Kama hakuna orodha ya vitu vilivyomo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, jaribio limekwisha; kirudishe kichupa.

Pili, jaribu mkononi. Paka kiasi kidogo, mahali penye ukubwa wa sarafu, upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko. Fanya hivyo asubuhi na jioni, mahali pale pale, kwa siku 7. Pakiwasha sana, pakivimba, pakitoka malengelenge au pakibadilika rangi, osha na uache kabisa. Heri doa la mkononi linalofichwa na shati kuliko la usoni linaloonekana na kila mtu.

Tatu, mkono ukisalimika, paka sehemu ndogo chini ya taya kwa siku chache. Uso una ngozi laini kuliko mkono, na huweza kukataa kilichokubaliwa na mkono.

Nne, fuata njia watumiayo mabingwa wa ngozi katika majaribio yao: paka dawa shavu moja tu, na shavu la pili lipate mafuta ya kawaida yasiyo na dawa. Mashavu yote mawili yakingwe jua sawasawa. Piga picha kwa simu siku ya kwanza, karibu na dirisha lile lile, saa ile ile, kisha rudia kila baada ya wiki 4. Kioo hudanganya kwa kuwa hutazamwa kila siku, picha hukumbuka.

Tano, jaribu dawa moja kwa wakati mmoja. Apakaye tatu kwa pamoja, akipona hajui aishukuru ipi, na akidhurika hajui ailaumu ipi.

Sita, vumilia. Ngozi ya juu huchukua kama mwezi mzima kujibadilisha, kwa hiyo dawa ya kweli huonyesha kazi yake baada ya wiki 8 hadi 12. Ile iahidiyo siku 7 ndiyo ya kuogopwa.

KILICHOMO NDANI YA KOPO

Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi, na kwa hiyo hung'arisha upesi. Walakini hupenya mwilini, ikadhuru mafigo na mishipa ya fahamu. Hubaki katika taulo, shuka na viganja, hata wasiojipaka wakaipata, na watoto ndio waumiao zaidi. Kibandikoni huweza kuandikwa mercury au calomel, na mara nyingine haiandikwi kabisa. Dalili moja ni onyo la kutoyagusisha mafuta na pete au mkufu wa dhahabu. Kopo la namna hiyo lisichomwe moto, kwa maana mvuke wake ni sumu. Lifungwe katika mfuko wa plastiki na kukabidhiwa bwana afya.

Mataifa yamelitambua jambo hili. Mkataba wa Minamata, uliokubaliwa mwaka 2013, ulikataza vipodozi vyenye zebaki inayozidi miligramu 1 katika kila kilo, kuanzia mwisho wa mwaka 2020. Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023, nchi wanachama ziliukaza mkataba huo, zikakubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome ifikapo mwisho wa mwaka 2025.

Haidrokwinoni nayo hupunguza rangi. Katika nchi kadhaa madaktari huitoa kwa muda mfupi na kwa uangalizi. Lakini itumikapo kwa miezi na miaka bila daktari, huweza kuleta weusi wa kisamawati usiotoka, yaani ugonjwa ule ule uliokimbiwa ukarudi mbaya zaidi. Afrika Kusini iliipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Nchini Rwanda, maofisa waliingia madukani kuanzia mwisho wa mwaka 2018 na kuyaondoa mafuta ya kuchubua ngozi.

Ya tatu ni dawa za jamii ya steroidi, kama klobetasoli, ambazo aghalabu hutiwa katika mkorogo. Siku za kwanza uvimbe hutulia na uso hung'aa. Baadaye ngozi huwa nyembamba, na chunusi mpya huchomoza kwa wingi.

Vipo vitu vyenye manufaa. Asidi ya azelaiki, ya asilimia 15 hadi 20, hutibu chunusi na madoa pamoja, na mama mjamzito au anyonyeshaye huweza kuitumia kwa ushauri wa daktari. Niasinamaidi ya asilimia 4 au 5 husaidia polepole. Adapalini huzibua vitundu, lakini haifai kwa mjamzito. Benzoili peroksaidi huua vijidudu vya chunusi; ajihadhari askari, kwa kuwa hupausha nguo, na ukosi wa sare utaonyesha alama. Dawa hizi zinunuliwe katika duka la dawa lenye leseni. Ama ndimu, dawa ya meno na maji ya kupaushia nguo, hivyo visiguse uso. Ndimu ikipigwa na jua huichoma ngozi na kuacha weusi mpya.

JUA NA WEMBE

Hakuna dawa ifanyayo kazi chini ya jua lisilokingwa. Askari wa barabarani na mwanajeshi wa gwaride husimama juani saa nyingi, na mwanga ule hulikoleza kila doa. Kofia yenye ukingo ni mwanzo mwema. Mafuta ya kukinga jua, ya kipimo cha 30 au zaidi, yapakwe asubuhi na kurudiwa kila saa 2 mtu awapo nje. Yale yenye rangi ya udongo, iliyotiwa oksidi ya chuma, huwafaa zaidi watu weusi, kwani huzuia pia mwanga uonekanao kwa macho.

Wanaume nao wana chanzo chao. Ndevu zilizojikunja, zikinyolewa karibu mno, hurudi kuchoma ngozi kutoka ndani. Vipele hutokea shingoni na kidevuni, kisha madoa. Askari alainishe ndevu kwa maji ya uvuguvugu, anyoe kuelekea zinakoota, asiivute ngozi wala kurudia mara nyingi mahali pamoja. Mashine iachayo ndevu fupi za milimita 1 ni bora kuliko wembe. Vipele vikizidi, amwone daktari wa kikosi, ambaye aweza kumwombea ruhusa ya kupumzisha kidevu. Na wembe usiazimane kamwe, kwa ajili ya Ukimwi na homa ya ini.

Bibi yule wa konstebo hakukifungua kichupa cha jirani. Alikiacha kwa muuguzi. Daktari alimwandikia asidi ya azelaiki. Aliijaribu mkononi siku 7, kisha chini ya taya, kisha akapaka shavu la kulia peke yake, akivaa kofia kila aendapo sokoni. Baada ya wiki 12 alizitandaza picha zake mezani, yeye na mumewe wakazitazama. Mashavu yote mawili yalikuwa yamefifia; la kulia lilikuwa limetangulia kidogo, lakini waziwazi. Tangu siku ile alianza kupaka na la kushoto, na mtoto akaendelea kulala pale pale alipozoea, uso wake shavuni mwa mama.