Idadi Kupanda Siyo Uongo

Kila mara risasi zinapolia huku mpakani mwa Uganda na Kongo, swali huwa lile lile: "Mbona asubuhi mlisema wamekufa 25 na jioni mnasema 41? Mnatuficha nini?" Nimeulizwa Kasese mjini, nimeulizwa sokoni Bwera, na kwenye redio wapigaji simu huuliza kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi. Kazi yangu ni kuhariri habari za vita. Swali hilo limekaa vibaya, na nimechoka kulijibu kwa upole.

Chukua Juni 16, 2023, Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe. Waasi wa ADF waliingia usiku, bweni la wavulana likachomwa moto, wasichana wakakatwa kwa mapanga. Kulipokucha polisi walitangaza miili 25 iliyopatikana shuleni na kupelekwa Hospitali ya Bwera. Tangazo hilo lilikuwa sahihi. Ilikuwa hesabu ya miili iliyokwisha kutolewa na kufikishwa hospitali, basi. Lakini njiani sentensi ilikatwa mkia: "iliyopatikana hadi sasa" ikaachwa, ikabaki 25 peke yake, na watu wakaichukua kuwa ndiyo idadi ya waliouawa wote.

Baadaye zikaja 37, 41, 42. Bwenini baadhi ya miili iliungua kiasi kwamba mzazi hawezi kumtambua mwanawe, ikabidi kupima DNA. Mlinzi wa shule aliuawa, wakazi wa jirani pia waliuawa, kwa hiyo aliyehesabu wanafunzi na aliyehesabu watu hawakuweza kufika idadi moja. Wanafunzi wengine walitekwa. Hao si wafu, ila wakiitwa majina asubuhi hawaitikii, na mtu mwenye haraka huwaweka kwenye orodha ya marehemu. Wapo walionusurika wakajificha, nao huhesabiwa kuwa wamepotea mpaka wajitokeze. Na majeruhi hufia wodini siku ya pili. Yeyote aliyekuwa na idadi kamili alfajiri ile alikuwa ameibuni.

Kinachoniudhi ni kwamba anayemwita mwandishi mwongo kwa kusahihisha nambari ndiye huyo huyo anayeamini sauti ya WhatsApp isiyo na jina la msemaji, eti kwa sababu tangu jana inasema kitu kimoja. Itabadilikaje? Aliyeirekodi hakurudi mochari. Nambari inayosahihishwa ina mtu nyuma yake anayeendelea kuhesabu. Isiyoguswa tangu saa ya kwanza ndiyo ya kuogopa.

Shaka ina mahali pake, na Kasese tunapajua. Novemba 26 na 27, 2016, vikosi vya serikali vilipopambana na walinzi wa kifalme na kuvamia kasri la Charles Mumbere, Omusinga (mfalme) wa Rwenzururu, polisi walitaja vifo 55, kisha 62. Human Rights Watch baada ya uchunguzi wao walitaja zaidi ya 150, watoto wakiwemo. Pengo kubwa hivyo halitokani na hesabu ambayo haijaisha. Joy Doreen Biira, mwandishi wa KTN ya Kenya, alikamatwa kwa picha za tukio hilo na kushtakiwa kusaidia ugaidi. Shtaka likafutwa mwaka uliofuata. Mwandishi akikamatwa kwa kuonyesha kilichotokea, usihangaike na kama nambari imepanda au imeshuka. Uliza nani aliruhusiwa kufika na kuhesabu.

Kwa hiyo, unaposikia idadi: nani kahesabu, kahesabu nini (miili, wanafunzi, raia, au na wapiganaji pia), na saa ngapi. Jeshi likitaja adui waliouawa, uliza nani mwingine ameiona miili. Taarifa ikitoka ng'ambo, Kasindi au Beni huko Kongo, tafuta redio yenye mwandishi wake huko, kama Radio Okapi, kabla ya kusambaza. Ukimtafuta ndugu, usikae kwenye simu: nenda hospitali na mochari, pitia kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1), andikisha jina kwa Msalaba Mwekundu. Mtangazaji, isome sentensi yote pamoja na "hadi sasa", hata kama muda wa kipindi umekwisha. Na picha za maiti zifute, usimtumie mtu yeyote. Huenda kuna wazazi ambao hawajaambiwa.